Swali la Saba na Maji ya Mfongo

Nimechoka, na nalisema hilo mapema ili msije mkangoja hotuba. Tangu nikabidhi funguo za kabati la mitihani, kila siku naamka alfajiri, naswali, nakaa barazani kwangu hapa Njoro, na vidole vyangu bado vinatafuta kalamu nyekundu. Mke wangu anasema niandike, huenda vikatulia. Nanyi walimu vijana mliniomba siku ile ya chai ya kuagana niwaachie maneno mawili matatu juu ya kutunga mtihani wa darasa la nne na kuusahihisha kwa haki. Maneno ninayo tele. Haki iliwahi kunishinda mara moja, na huko nitafika, ingawa ningependa sana kuzunguka.

Vyeo sitavitaja. Mshahara nao mnaujua, maana ndio mnaoupokea sasa, poleni.

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa sleti arobaini kwa watoto sitini na kitu. Ilikuwa shule ya serikali hapa mjini. Nilivaa kaptula ya kaki aliyonishonea baba yangu, fundi cherehani aliyepanda na reli kutoka Tanga akaoa Mpare na hakurudi tena pwani. Darasani walikuwamo watoto wa mafundi, wa wachuuzi, wajukuu wa wapagazi, na Wachagga walioteremka mlimani na viazi vya kuchoma mfukoni. Kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Kufika saa nne sauti ilikuwa imenikauka, na sleti tatu zilikuwa zimevunjika, moja kichwani mwa mtu.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Hemedi, mwalimu mkuu wetu. Alikuwa mzee mfupi, mkali, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Aliingia, akatazama ile vurugu, akaanza kuandika hesabu ubaoni pole pole bila kusema neno. Watoto wakanyamaza mmoja mmoja ili waone anaandika nini. Kisha akanipa chaki. "Endelea," akasema, "na usipige kelele, kelele wanazo za kutosha."

Huyo ndiye aliyenifundisha kusahihisha. Alinifundisha kukunja pembe ya karatasi yenye jina kabla sijaisoma. Alinifundisha kusahihisha swali la kwanza la watoto wote, kisha la pili la wote, kwa sababu ukimaliza karatasi nzima ya mtoto aliyekuudhi, unaianza ya mwenzake na hasira ile ile. Alinikataza kusahihisha nikiwa na njaa. Mwezi wa Ramadhani tulishika kalamu nyekundu asubuhi tu, adhuhuri ikiingia tunaiweka chini, hata kama karatasi zimefika darini. Na kila nilipotaka kuweka mkasi, ile alama ya kukosa (kuiita msalaba mbele ya wenzangu wa misheni sikupenda), alinishika mkono.

"Mtoto akikosa," alikuwa akisema, "muulize kwanza amepitia wapi mpaka akafika hapo. Ukishajua, ndipo umkatie."

Nilimwona mzee msumbufu. Watoto sitini, niwaulize wote wamepitia wapi?

Miaka ile mitihani ilitujia kutoka juu, imechapwa tayari. Swali ambalo sitalisahau lilihusu treni mbili zinazokwenda kukutana. Watoto wa mjini walilala na honi ya treni masikioni, wakalimaliza kabla wino haujakauka. Mtoto mmoja wa mlimani aliandika: "Sijaona treni, lakini zikikutana watu watakufa." Nilimpa nusu alama kwa kusema kweli. Bwana Mkaguzi, Mwingereza mrefu wa idara ya elimu aliyejifunza Kiswahili chake kitabuni, akaifuta ile nusu na kuniandikia kwamba huruma si kipimo.

Tulipigana na mengine. Mwaka mmoja mtihani uliwekwa siku ya Idi, na mwaka uliofuata, kana kwamba ni kulipiza, siku ambayo watoto wa Kibosho walikuwa wanapokea komunyo ya kwanza. Halafu kulikuwa na miandiko. Watoto wa misheni walifundishwa herufi za kulala, wetu herufi za kusimama, kwa hiyo hata ukikunja jina msahihishaji anajua mara moja huyu ni wa nani. Nilipendekeza shule zote zifundishe mwandiko mmoja. Walimu wa pande zote mbili walinikasirikia kwa umoja ambao sikuwahi kuuona tena.

Ndipo zikaanza shule za kati, za bweni, za darasa la tano hadi la nane, na mtihani wa darasa la nne ukageuka kuwa mlango mwembamba. Watoto walikuwa wengi, vitanda vichache, na vya wasichana vya kuhesabu kwa vidole. Tukaambiwa sasa wilaya itatunga baadhi ya maswali yenyewe. Nikateuliwa mtunzi wa hesabu, nikapiga kifua. Nikasema mbele ya wenzangu kwamba habari ya treni imekwisha, watoto wa mlimani nao wapate swali la kwao.

Jumamosi moja nikapanda kwenda Kibosho, sehemu kubwa kwa miguu, maana lori lilikwama kwenye tope kama kawaida yake. Huko nikaukuta mfongo. Kwa asiyeijua, mifongo ni mifereji waliyoichimba mababu wa Wachagga kuteremsha maji ya mito ya juu hadi kwenye vihamba, yaani yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Mzee mmoja alikuwa anaziba mahali kwa tope na gogo la mgomba, na mahali pengine anafungua. Nilimwuliza wanagawanaje. "Kwa zamu," akasema, "na hakuna anayepunjwa." Nikamshukuru, nikala ndizi za kuchoma alizonikaribisha mkewe, nikarudi mjini nimefurahi. Nilikaa pale muda wa kumaliza ndizi mbili.

Swali la saba likawa hivi: Watu wanne wanagawana maji ya mfongo mmoja kwa saa kumi na mbili, tangu asubuhi hadi jioni, bila yeyote kupunjwa. Andika saa za kila mmoja.

Jibu nililoandika kwenye mwongozo wa kusahihisha: saa tatu, tatu, tatu, tatu.

Tulisahihishia ukumbini mwa shule yetu, walimu sita, kila mmoja na rundo lake. Ramadhani ilikuwa imeangukia hapo hapo. Siku ya nne tulikuwa nyuma, Bwana Mkaguzi anazitaka karatasi, nami nikaendelea kusahihisha baada ya adhuhuri, tumbo tupu, kichwa kinagonga. Mwalimu Hemedi alikuwa amefariki zamani. Hakuwapo wa kunishika mkono.

Nikafika kwenye rundo la shule moja ya misheni huko juu Kibosho. Karatasi ya kwanza, swali la saba: saa mbili, saa tatu, saa tatu, saa nne. Nikaweka mkasi. Ya pili: mbili, tatu, tatu, nne. Ya tatu, vile vile. Ala! Nikazipekua zote, karatasi kumi na tisa, jibu ni lile lile, kosa ni lile lile. Jamani, watoto kumi na tisa hawakosei namna moja kwa bahati. Nilijua nimekamata kitu. Mwalimu wao amewanong'oneza jibu, tena amewanong'oneza la uongo! Nikacheka peke yangu mle ukumbini, kicheko kibaya cha mtu mwenye njaa.

Sikuwauliza wamepitia wapi. Niliandika taarifa fupi: watahiniwa wa shule hii wamenakiliana. Kwa kanuni ya siku zile hesabu ya shule nzima ikafutwa, na majina yao yakatolewa kwenye orodha ya shule za kati. Nilitia sahihi, nikaenda kufuturu.

Wiki ya tatu wakaja. Ilikuwa asubuhi ya mvua, niko ofisini napanga madaftari. Mwalimu Aloisi, mwalimu wa ile shule, alikuwa kijana mwembamba aliyevua viatu mlangoni ili asinichafulie sakafu. Nyuma yake alisimama msichana wa miaka kumi na miwili hivi, amejifunika jani la mgomba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni. Kama mmekuja kwa ajili ya mtihani, mambo yamekwisha."

"Mimi sikuja kujitetea," Aloisi akasema. "Waniite mwizi, waniite nani, potelea mbali. Nimemleta huyu. Anaitwa Apolonia. Maswali mengine yote ya hesabu ameyapata, wewe mwenyewe umeyawekea vema. Baba yake amempa nafasi ya mwaka huu tu. Asipoingia shule ya kati sasa, mwakani ni zamu ya mdogo wake kuanza shule, yeye anabaki na jembe. Nakuomba umwulize jibu lake alilitoa wapi. Basi. Ukishamwuliza tutakwenda zetu."

Nilikuwa na shibe asubuhi ile, mwezi umekwisha. Labda ndiyo maana nilimsikiliza. Nikamgeukia msichana.

"Haya, Apolonia. Nani alikwambia uandike mbili, tatu, tatu, nne?"

"Hakuna, Mwalimu. Ndivyo maji yanavyokwenda."

"Yanavyokwenda wapi?"

Akatazama sakafu, akamtazama mwalimu wake, akaniomba chaki. Akapiga magoti kwenye saruji akachora mstari mrefu kutoka mguu wa meza yangu hadi mlangoni, na kando yake vihamba vinne.

"Huyu wa kwanza yuko karibu na mto. Akifungua, maji yanafika hapo hapo. Saa mbili anashiba. Huyu wa pili na huyu wa tatu wako chini kidogo, saa tatu tatu." Akasogea kwa magoti hadi mlangoni. "Wa nne ni sisi. Akifunga wa tatu, mfereji wetu ni mkavu, maji yanateremka pole pole, udongo unayanywa njiani. Karibu saa nzima tunangoja tu. Kwa hiyo tunapewa nne. Mfongo wetu wote uko hivyo, watoto wote wa darasa letu wanatoka kwenye mfongo huo."

Nikainuka kitini niutazame ule mchoro.

"Swali lilisema asipunjwe mtu," akaendelea, sauti imeshuka. "Mwalimu, wewe ungekuwa huyu wa nne, ungekubali saa tatu?"

Aloisi alikuwa anatazama dirishani. Nadhani aliogopa nitamchapa msichana. Mimi nilikuwa natazama ule mstari wa chaki. Nilikuwa nimekwenda mpaka kwenye mfongo wenyewe nikala ndizi mbili na kuondoka. Swali nililolitunga ili kuwatendea haki watoto wa mlimani, wa mjini walilipata kwa kugawanya tu, na waliokosa ni wale waliolijua.

"Nitaandika barua," nikasema.

Apolonia akasimama, magoti meupe kwa chaki. "Aika, Mwalimu," akasema, ndiyo asante yao, kisha akakumbuka yuko mjini akasema asante kwa Kiswahili.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipotaka kuzunguka. Barua niliiandika siku ile ile. Niliandika kwamba baada ya kuchunguza tena nimeona swali la saba lina utata kwa baadhi ya watahiniwa, na kwamba naomba tuhuma ya kunakiliana ifutwe. Lina utata! Swali halikuwa na utata hata chembe. Mtunzi hakujua jibu la swali lake, msahihishaji aliwaita watoto wezi bila kuwauliza, na wote wawili walikuwa mimi. Hilo sikuliandika.

Bwana Mkaguzi aliniita. Alikuwa na barua mkononi, tena alikuwa mwema siku hiyo. Akasema tuhuma imefutwa, shule itaandikiwa. Kuhusu yule msichana, nafasi za wasichana zimejazwa. "Kama kosa lingekuwa la msahihishaji," akasema katika Kiswahili chake cha kitabuni, "kanuni ingeniruhusu kuongeza jina moja. Lakini utata wa swali ni jambo la watahiniwa wote. Kwa utata sina kanuni. Je, kuna jambo lingine ambalo ungependa kuniambia?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake. Mdomo ulikuwa wangu, na mlango alinifungulia yeye mwenyewe.

Nilisema vyeo sitavitaja. Basi nikitaje hiki kimoja: wiki ile ile nilikuwa ninangojea kuthibitishwa kuwa mkuu wa mitihani ya wilaya.

"Hakuna, Bwana," nikasema.

Nilithibitishwa. Nikafanya kazi ile miaka saba, na watu wanasema niliifanya vizuri. Nilileta utaratibu ambao ninyi mmeukuta: kila swali linajaribiwa kwanza na watoto wa mjini na wa mlimani, kila jibu la ajabu linawekwa kando, na mwalimu wa shule anaulizwa kabla ya kukatwa alama. Mlikuwa mnanung'unika kwamba mzee anatuchelewesha, anataka kila mkasi uwe na maelezo yake. Mlidhani ni tabia ya uzee. Nawaambia leo ulitoka wapi utaratibu ule, na kwamba mwanzilishi wake ni yule msichana wa chaki, na kwamba yeye mwenyewe haukumfaa kitu.

Mwalimu Aloisi hakunilaumu. Tulipokutana mikutanoni alinisalimu kwa heshima zote, na hilo lilinichosha kuliko matusi.

Karatasi ya Apolonia sikuichoma pamoja na nyingine. Niliiweka chini kabisa katika droo ya kabati, na kila mwaka tulipofunga kabati niliihamisha chini ya karatasi mpya. Siku niliyokabidhi funguo niliikunja nikaitia mfukoni. Ikakaa mfukoni miezi miwili. Mwezi uliopita nikamwambia mke wangu nakwenda Kibosho. "Kwa magoti hayo?" akaniuliza. Nikamwambia kwa magoti haya haya.

Nilimkuta kando ya nyumba yao, amefunga khanga kiunoni, anapalilia chini ya migomba. Ni mwanamke mzima sasa. Baba yake amepooza mguu, mdogo wake yuko shule ya kati, darasa la nane, na shamba liko mikononi mwake. Alinitazama kidogo tu.

"Shikamoo, Mwalimu wa chaki."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unanikumbuka."

Akaniletea kigoda, nikakaa ukingoni mwa mfereji mkavu, miguu ndani yake, akaniletea maji ya kunywa. Akaniuliza habari za mjini, na mimi nikamjibu habari za mjini, mpaka nikajichukia.

"Apolonia, nimekuja kukwambia kitu. Ile barua niliyoahidi, niliandika kwamba swali lilikuwa na utata. Halikuwa na utata. Nilikosea mimi. Jibu lako lilikuwa sahihi, na ningesema hivyo kwa mkaguzi ungepata nafasi. Aliniuliza kabisa, nikamficha. Niliogopea cheo."

Nikatoa karatasi. Akafuta mikono kwenye khanga, akaikunjua, akaisoma swali kwa swali, midomo inacheza, kama mtu anayesoma barua ya nduguye. Akafika la saba. Ulikuwapo ule mkasi wangu wa zamani, mkubwa, uliotoboa karatasi. Juu yake kulikuwa na alama mpya ya vema.

"Hii vema umeiweka lini, Mwalimu?"

"Jana," nikasema.

"Jana," akarudia.

Aliikunja ile karatasi pale pale palipokuwa na mikunjo, akaifunga kwenye pindo la khanga. Sijui ataifanyia nini. Huko juu mtu akapiga mluzi mrefu. Apolonia akashika jembe.

"Wa tatu anafunga. Niwie radhi, ni zamu yetu."

Nikatazama saa yangu. Saa nane kamili. Alipanda kando ya mfereji kwenda kufungua, akarudi, akasimama kwenye mlango wa shamba lake, jembe mkononi, macho kwenye mfereji mkavu. Tukangoja. Kivuli cha mgomba kilihama kutoka goti langu moja hadi la pili. Majirani walipita wakatusalimu. Mfereji bado mkavu.

Saa tisa kasoro dakika tano maji yakatokea, membamba, yamebeba majani makavu mbele yake, yanateremka kama yasiyo na haraka na mtu yeyote.

"Inua miguu, Mwalimu," Apolonia akasema.

Nikainua.